Kizingiti cha Reli

Chokaa ilitokea upande wa Bububu. Ilipita katikati ya muhogo wa Bi Mwatum, ikaupitia mpapai dume shinani, ikapanda barazani bila ya kubisha hodi, na ilipofika kwenye kizingiti cha Bi Sichana ikasita. Mtu mwembamba aliyekuwa akiimwaga aliitua ndoo yake, akalitazama pazia la mlango, akarudi nyuma.

"Umepatwa na nini, Duni?" akauliza msimamizi wake kutoka barabarani.

"Humu mna kizuka, Bwana Hamad."

"Nani kakwambia?"

"Nimemwambia mie," akasema Bi Mwatum. Alikuwa amekaa pembeni mwa mlango na ungo wa mchele mapajani, na tangu mstari ule uingie kwenye muhogo wake alikuwa akitafuta mtu wa kumtolea maneno. "Yumo ndani, yumo kwenye eda ya mumewe. Au siku hizi chokaa ndiyo inayoingia kwanza, hodi inafuata nyuma?"

Hamad akavua kofia yake. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye tumbo dogo na sauti ya upole, na kwao walimfunza adabu kabla ya kumfunza kupima barabara. "Tuwie radhi, bibi. Hatukujua." Akamgeukia Duni. "Iruke nyumba. Kaendelee kule nyuma."

Basi mstari ukairuka nyumba, ukatokea nyuma ya choo, ukaendelea na safari yake kuelekea mjini. Aliyesimama barabarani angeona wazi kwamba umepita kwa ndani, umeingia mlangoni na kutokea ukutani.

Bi Sichana aliyasikia yote hayo akiwa juu ya mkeka. Chini ya pazia aliiona miguu ikija na ikiondoka, kisha akayaona matone ya chokaa yaliyoangukia kizingiti. Yatatoka kwa kitambaa, akawaza. Hilo tu ndilo lililomjia. Nyumba ilikuwa imeandikiwa kuvunjwa na yeye amewaza kitambaa.

Ndivyo alivyokuwa tangu siku ile. Mmanga bin Jaku, mumewe, alifariki masika yalipoanza, asubuhi, bakuli la uji mkononi. Hakuugua, hakuaga, alisema uji umekolea pilipili manga, akaegemea ukuta, basi. Majirani walilia mpaka sauti zikawakauka. Mkewe alilichukua lile bakuli, akaliosha, akalifunika. Wanawake wakatazamana. Walio na huruma walisema kafa ganzi, maskini, kilio kitamjia. Wasio na huruma walisema mengine, na waliyasema karibu vya kutosha ili ayasikie. Hayakumuuma. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: anajua upo, lakini akiugusa haumjibu.

Nyumba yenyewe haikuzaliwa nyumba. Zamani, gari la moshi lilipokuwa likienda kutoka mjini hadi Bububu, hapa palikuwa na banda la kungojea, baraza ya mawe na paa la bati, na watu wakipaita stesheni ingawa hapakuwa na stesheni ya kujivunia. Halikuwa gari la safari za mbali. Lilikuwa gari la watu wa karibu: asubuhi liliwapeleka mjini wauza maziwa, wauza bamia, makarani na wanawake waendao kuzika, na jioni likawarejesha wote, na harufu zao. Mjini lilipita karibu sana na milango, mtu aliyekaa barazani ilimbidi aikunje miguu, na cheche zake ziliwahi kutia watu hasara ya kanga zilizoanikwa. Wengine walilichukia. Kisha zikaja motokaa, na binadamu ni mwepesi wa kuhama. Abiria wakapungua, gari likaachiwa kubeba mawe, mwisho likanyamaza kabisa. Reli zikang'olewa. Nyingine zikawa mihimili ya nyumba za watu, nyingine ikatundikwa kwenye skuli moja ya shamba ikawa kengele.

Mmanga alikuwa mtu wa breki. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye gari la nyuma na kulizungusha gurudumu la breki pale dereva anapopiga honi. Gari liliponyamaza, wakubwa wake walimwambia alilinde banda mpaka watakapokuja kulichukua. Hawakuja. Akalilinda mpaka akaoa, akalilinda mpaka akalizungushia kuta za mawe na udongo, bati likaoza akaezeka makuti, na kwenye mlango akalaza kipande cha reli kilichosahauliwa majanini, kikawa kizingiti. Ardhi haikuwa yake. Hakuna aliyemwambia atoke, naye hakwenda kuuliza.

Kizingiti hicho alikitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kila Ijumaa akirudi msikitini alichuchumaa mlangoni na kitambaa, akakipangusa, akakipaka mafuta ya nazi kisishike kutu. Mafuta yalikuwa ya Bi Sichana, ya nywele zake, aliyokuna nazi na kuyapika kwa mikono yake.

"Nazi zangu zinalishwa chuma," alikuwa akisema.

"Chuma nacho kina njaa," alikuwa akijibu.

Mazungumzo yao mengi yalikuwa ya urefu huo. Haikuwa nyumba ya ugomvi, wala ya mapenzi ya kutungiwa taarabu. Mtoto hawakujaaliwa. Walikula pamoja, wakazeeka pamoja, na yale waliyokuwa hawajaambiana yalikaa pembeni kama wageni wasiojua waage vipi.

Siku ya pili baada ya chokaa alikuja Mkubwa, mdogo wake marehemu, kutoka Kikwajuni. Alikaa barazani, uso kautazamisha barabarani kama inavyotakiwa, akasema na pazia.

"Shemeji, u hali gani?"

"Namshukuru Mungu."

"Nimekuja na maneno. Barabara hii wanaitanua, wanaitia lami mpaka Bububu. Mimi waliniita, nikawapa kauli yangu: mwezi ukiandama nyumba itakuwa tupu. Chumba nshakutengezea kwangu. Kina dirisha, kina kitanda, mke wangu Mwanapili kakitia mpaka pazia."

Bi Mwatum aliacha kuchambua mchele.

"Mwezi ukiandama eda yangu itakuwa haijesha," akasema Bi Sichana.

"Nalijua. Nilikwenda kwa sheikh, sikuja kibubusa. Kasema inajuzu. Nyumba ikiogopewa kumwangukia, kizuka huhamishwa akamalizia pengine. Ni dharura."

"Nyumba haianguki, Bwana Mkubwa. Inaangushwa."

"Shemeji, ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo."

Mkubwa akapumua kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetoa kauli, na kwa mwanamume wa Kikwajuni kauli ni kitu cha kutembea nacho barabarani. "Lisilobudi hutendwa," akasema. "Hapa pahala hapakuwa petu tangu mwanzo. Kaka alisahauliwa tu."

"Nisikilize," ikasema sauti nyuma ya pazia, sauti isiyopanda wala kushuka. "Siku ile ulikuwepo, uliniona. Kulia nilishindwa. Mpaka leo nimeshindwa, na Mungu ndiye anayejua kwa nini. Kilichobaki cha kumpa ni kukaa. Ntamkalia hapa hapa alipokata roho, mpaka siku ya mwisho. Siku hiyo ikipita, ng'oeni hata msingi, sitauliza."

"Na wakija kabla?"

"Watanikuta."

Mkubwa aliondoka bila ya kunywa kahawa, na kwa watu wa pale hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima.

Walikuja kabla. Mwezi uliandama, na asubuhi yake kundi zima likajipanga mbele ya nyumba na sururu na mitalimbo. Roli lilikuwa limekuja na kifusi, likakimwaga pale pale, chungu baada ya chungu, tayari kwa kushindiliwa pahala ambapo nyumba bado ilikuwa imesimama. Bi Sichana alisikia kishindo cha kila chungu kikishuka. Alikuwa akijifunga kanga yake iliyochujuka. Akaifungua, akaifunga tena vizuri zaidi, akakaa.

"Haya," akasema Hamad nje. "Tuanzieni paa."

Hakuna aliyetikisika.

"Duni."

"Mie simo, bwana. Nipige kalamu nyekundu leo hii, nirudi kwetu Matemwe nikalime. Kwetu kizuka hata njiani hukutani naye, sembuse kumvunjia paa kichwani. Yupo mtu kwetu alimkurupusha kizuka kwa mchezo tu. Mkono wake ulipooza. Anakula kwa kulishwa."

"Yakhe, huo ni ushirikina."

"Ndiyo. Basi panda wewe."

Wengine wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Sururu moja ikawekwa chini, ikafuata ya pili. Walikuwamo vibarua kutoka bara ambao kwao mila ni nyingine na wengine wao walikuwa Wakristo, lakini nao wakaziweka zao: ikiwa mwenyeji anaogopa, mgeni ataanzia wapi kuwa shujaa?

Hamad akapanda barazani peke yake. "Hodi hapa. Hodi, Bi Sichana."

"Sema na mie," akasema Bi Mwatum. "Kizuka hasemezani na wanaume ovyo."

"Mwambie nnamwomba kwa heshima zote. Kazi ina wenyewe. Yuko mzungu anakuja na motokaa kila baada ya siku mbili kutazama."

Bi Mwatum akageuza shingo kidogo. "Anasema kazi ina wenyewe."

"Nimesikia," ikajibu sauti ya ndani.

"Anasema amesikia," Bi Mwatum akamwambia Hamad.

"Na mimi nimesikia, bibi."

"Basi kama nyote mnasikia mnanihangaisha nini?"

Hamad akajipangusa uso. Alikuwa ameona mambo mengi kwenye barabara za Unguja, mawe, mizizi, makaburi yasiyojulikana ya nani, lakini hakuna kitabu kilichomwambia namna ya kupitisha lami juu ya mwanamke aliyeketi. "Niulizie, amebakiza muda gani?"

"Mpaka mwezi huu uishe, na kidogo," akasema Bi Sichana mwenyewe, bila ya kupitia kwa mtu. "Sikuzuii kwa ubishi, mwanangu. Nina kitu nnakimaliza."

Hamad alisimama. Mbele ya miguu yake ilikuwepo ile reli, imeanza kutu, kwa sababu mwenye kuipaka hayupo na kizuka hashiki mafuta. Akaitazama kitambo, pengine akihesabu, pengine akiomba dua. Kisha akashuka. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," akawaambia watu wake. "Chukueni vyombo. Tutaanza upande wa Bububu, kisha upande wa mjini. Hapa pabaki mwisho." Alimwambia nini yule mzungu haijulikani. Wapo wanaosema alimwambia lami haijafika.

Bi Mwatum aliingia ndani akipiga vigelegele kwa sauti ya chini, maana nyumba ya eda haipigiwi vigelegele. "Shoga, wameondoka! Umewashinda!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sichana. Akajipapasa kifua, akatafuta furaha, hakuipata. Akaomba apewe maji ya kunywa.

Barabara ikatengenezwa. Kutoka Bububu ilikuja nyeusi, pana, imenyooka. Kutoka mjini nayo ikaja hivyo hivyo. Na katikati, mbele ya nyumba ile, pakabaki kipande cha mchanga laini na vile vichungu vya kifusi. Magari ya abiria, yale ya mbao yanayotoka Darajani, yalikifikia kipande hicho yakazama. Baada ya siku chache madereva wakapata akili. Gari la kutoka mjini likawa linasimama upande wa huku, la kutoka Bububu upande wa kule, abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu kwa kupitia baraza ya Bi Sichana maana ndipo palipo pakavu, wanapanda gari jingine. Na gari jingine lisipokuwa limefika, wanakaa kungoja.

Walikaa wapi? Walikaa pale pale walipokaa baba zao.

Mzee mmoja ndiye aliyelisema kwanza. "Ala! Si hapa ndipo palipokuwa stesheni?" Utingo akalidaka neno lile kama anavyodaka nauli, na tangu siku ile gari likikaribia mchanga akawa anagonga ubavu wa mbao na kupiga kelele: "Stesheniii! Wa stesheni washuke! Wasio wa stesheni washuke vile vile!"

Basi Bi Sichana, ambaye sheria ilimkataza kutoka, dunia ikaja kumkalia mlangoni. Asubuhi zilimjia harufu za maziwa na za samaki waliotiwa majani. Jioni harufu ya jasho na mikate ya mjini. Alisikia karani akimsengenya bosi wake. Alisikia wanawake wakiipanga harusi, wakaipangua, wakaipanga upya. Waliojua kwamba yumo walipunguza sauti. Wasiojua walicheka kwa vinywa vyote, naye akawasikiliza bila ya kukereka wala kuburudika, kama mtu anayesikiliza mvua.

Alhamisi moja alasiri alikuja kukaa mwanamke mtu mzima mwenye pumzi fupi. Jina lake Time, aliwahi kuuza maziwa enzi za gari la moshi na sasa alikuwa akienda kumtazama mjukuu. Alizungumza na Bi Mwatum, kwani kukaa na Bi Mwatum bila ya kuzungumza hakuna aliyewahi kukuweza.

"Hapa alikuwapo mtu mmoja wa breki," akasema Time. "Mwembamba, haongei. Mmanga."

Bi Mwatum akafungua kinywa kumwonya, akakifunga.

"Huyo alituchosha sana! Jioni tunatoka mjini, kila mtu ana haraka ya kwao, gari linakwenda vizuri tu. Tukifika kule Kibweni, pale kwenye nyumba ya Mcha Fundi, yule aliyekuwa akichonga milango, gari linapunguza mwendo. Hapana stesheni, hapana kilima, hapana ng'ombe njiani. Dereva anatukana kule mbele, Mmanga kule nyuma kalishika gurudumu la breki, kautazama ua wa Mcha, hana habari. Tukipita ndipo anafungua. Kila jioni, shoga! Maziwa yaliyobaki yakanigandia kwa ajili yake. Tulijua tu kwamba ana mtu pale. Sijui mwisho wake alimpata?"

Ndani, mkono wa Bi Sichana ulikuwa kwenye ukili. Alikuwa akisuka mkeka, kazi iliyoruhusiwa.

Mcha Fundi alikuwa baba yake. Aliolewa akitokea kwenye ua ule. Na kila jioni ya usichana wake, gari lilipolia kule Mtoni, alitoka na ukili wake akaja kukaa uani, kwa sababu alipenda kulitazama likipita, na kwa sababu alishagundua kwamba likifika pale kwao linachoka. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba kila chuma kina pahala pake pa kuchoka, na kwamba chuma hiki kimechagua kwao. Kisha wazee wa Mmanga walikuja kuposa kama wazee wengine wanavyokuja, baba akauliza habari za dini na kazi ya mposaji, akaridhika. Aliolewa. Miaka yote ile, kwenye sahani moja, kwenye mkeka mmoja, yeye hakumwambia mumewe kwamba alikuwa akikaa uani kulingoja gari, na mumewe hakumwambia kwamba gari halikuwa likichoka.

"Alimpata," akasema Bi Mwatum polepole nje ya pazia.

"Alhamdulillahi. Basi maziwa yangu hayakupotea bure."

Gari likaja, Time akaondoka na pumzi yake fupi. Bi Mwatum aliinua pazia, akachungulia. Alimkuta shoga yake anasuka. Akasubiri.

"Mchele umebaki?" akauliza Bi Sichana.

"Upo."

"Pika mwingi leo. Wanaongoja nje huenda wana njaa."

Lakini Bi Mwatum, alipokwenda kuutazama mkeka ule jioni, aliona kwamba upande mmoja umesukwa kombo, na mtu aliyesuka mikeka tangu utotoni hasuki kombo.

Eda ikaisha. Asubuhi ile Bi Mwatum alimwogesha kwa maji ya majani ya mkunazi, akamfukiza udi, akamvisha kanga mpya zenye nyekundu nyingi mpaka Bi Sichana akajiona mgeni. Nje, Hamad na watu wake walikuwa wamekaa kwenye vichungu vya kifusi, vyombo chini, wakitazama kwingine kwa heshima. Mkubwa naye alikuwapo, amekuja kumchukua. Kijifurushi kilikuwa kimoja: nguo, msahafu, bakuli la uji.

"Kaa nikupake kichwa," akasema Bi Mwatum, na kichupa cha mafuta ya nazi mkononi. "Nywele zimekuwa kama kumvi za mpunga."

Bi Sichana alikichukua kichupa. Hakukaa. Alilisogeza pazia, akachuchumaa mlangoni, na kwa kitambaa akaanza kukisugua kizingiti. Kwanza yalitoka matone ya chokaa, kisha kutu, nyekundu, ikaingia kwenye kucha zake. Alisugua bila ya haraka. Akamimina mafuta kiganjani, akapaka. Akamimina tena, juu, ubavuni, chini ubavuni palipofikika kwa kidole tu, mpaka kichupa kikabaki hewa.

"Shoga, kichwa kikavu, unapaka chuma kinachokwenda kutupwa?"

"Chuma nacho kimekaa eda," akasema Bi Sichana.

Vibarua waliitazama ile kazi, hakuna aliyecheka. Hamad alimwambia utingo wa gari la mjini asubiri, na utingo, ambaye hakuwahi kumsubiri hata baba yake mzazi, akasubiri.

Alipomaliza alinyanyuka, akavaa buibui, akakivuka kizingiti bila ya kukikanyaga. Aliwaaga watu wa barabara kwa kuinamisha kichwa. "Fanyeni kazi yenu, wanangu. Mungu awape nguvu."

"Amin, bibi. Tuwie radhi," akasema Hamad.

Wakapanda gari, yeye na Bi Mwatum wakakaa nyuma, Mkubwa mbele kwa dereva. Abiria walikuwa bado wanaingiza vikapu vyao wakati makuti ya kwanza yalipoangushwa. Bi Sichana alitazama kupitia uwazi wa ubao. Hakuhisi kitu. Paa lilifunguka, jua likaingia pahala ambapo halikuwahi kuingia, likaangukia ule ukuta alioegemea Mmanga, na bado hakuhisi kitu. Alijiambia basi ndivyo itakavyokuwa.

Duni na wenzake wanne walichomeka mitalimbo chini ya kizingiti. Kikang'oka. Wakainama, wakakishika, wakahesabu pamoja, wakanyanyua, kikawateleza. Wakakishika tena, wakakifikisha magotini, kikawaponyoka mikononi kikaanguka juu ya mawe ya baraza, na mlio wake ukaenda mbali sana, ukawafikia mpaka waliokuwa na mambo yao.

"Chuma gani hiki!" akapiga kelele Duni, akijipangusa mikono kwenye msuli aliojifunga kiunoni. "Hakishikiki! Kinakataa!"

Ndipo kitu kilipomgusa Bi Sichana tumboni, kikapanda. Kilikuwa kicheko. Watu watano wazima, vifua wazi, wameshindwa na chuma cha Mmanga kwa sababu ya nazi zake yeye. Akajifunika buibui usoni, mabega yakawa yanamtikisika.

Bi Mwatum akamkumbatia mara moja. "Lia, shoga yangu. Lia. Siku ile hukulia."

"Mwacheni alie," akasema mwanamke mwenye kikapu cha bamia. "Maskini ya Mungu."

Aliwaacha waamini hivyo. Gari likaondoka, likaingia kwenye lami mpya, likanyooka. Ilikuwa barabara nzuri, hapana anayekataa. Mbao hazikugonga, vikapu havikuruka. Walipofika Kibweni, Bi Sichana aliufunua uso. Ua wa Mcha Fundi haukuwepo siku nyingi, palikuwa na minazi miwili na ukuta mfupi uliobomoka, lakini yeye alipajua. Akashika ubao wa mbele kwa mkono mmoja, akajiweka sawa, kama mtu anayejua kwamba hapa gari litapunguza mwendo.

Gari halikupunguza. Ukuta ulikuja, ukapita, ukabaki nyuma.

Mwanamke wa bamia alikuwa akizungumzia bei za Darajani. Bi Mwatum hakuwa tena akimwambia shoga yake alie. Alikuwa amemshika tu, kwa nguvu, na kanga ya Bi Mwatum begani ilikuwa ikirowa. Mkono wa kulia wa Bi Sichana ulikuwa juu ya mapaja yake, kiganja juu, vidole wazi, unang'aa mafuta, una kutu kwenye mistari yake yote. Bi Mwatum alimtolea kitambaa. Bi Sichana aliukunja mkono ule taratibu, akaurudisha ndani ya buibui.